Tawi Nililoling'oa kwenye Usukani

Mke mwenzangu Zaina,

Miguu yako imeoza? Nijibu hilo kwanza, salamu zitakuja baadaye. Mvua tatu zimeanza na kumalizika na wewe hujakanyaga kiwanja hiki. Kila siku ya soko pikipiki zinaingia Kasongo kutoka machimbo ya Salamabila, watu wamekaa juu yake watatu watatu, vumbi mpaka kwenye kope, na mimi natoka kusimama kando ya njia kama mjinga. Wanashuka wauza samaki. Wanashuka wachimbaji wanaotetemeka homa. Hata yule kiwete wa nyuma ya msikiti, aliyeondoka hapa akitambaa, amesharudi mara mbili kumsalimia mama yake. Wewe una miguu miwili, na siku ya kuondoka ilikutosha.

Kama uko hai, huna adabu. Kama umekufa, hukuaga. Yote mawili siyasamehe.

Anayeandika ni Mwalimu Feza, yule jirani wa upande wa kisima. Mimi unanijua, kalamu sijui hata inashikwa upande gani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asitie sukari. Maneno anayanyoosha kidogo, mwache, ndiyo kazi inayomlisha. Lakini nimemkataza kuifunga barua hii. Haina bahasha. Atakayeibeba aisome, mama muuza chai wa Wamaza aisome, wachimbaji waisome na matope yao mikononi. Kuna neno nililokusemea mbele za watu, na neno lililosemwa kiwanjani haliondolewi chumbani.

Nianze mbali kidogo. Nikianza na lile lenyewe nitashindwa.

Siku uliyozaliwa babu yako Sumaili alikunyanyua kwa mikono yake iliyojaa grisi, akakutazama vizuri, akaniambia, "Huyu njo mke yangu sasa. Wewe umezeeka." Nikamjibu, "Sawa, akupikie leo jioni." Mama yako kitandani alicheka mpaka akalia, maana kila akicheka tumbo linauma. Mungu amrehemu, hakukaa sana. Ukabaki kwetu, ukalala katikati yetu, na tangu hapo nakuita mke mwenzangu kama desturi inavyotaka, nakutukana kama mke mwenza anavyotukanwa, na hakuna aliyewahi kukutukana mbele yangu akamaliza sentensi. Hakuna, isipokuwa mimi.

Mke wa tatu wa babu yako ilikuwa kamio, lori lake. Unaikumbuka ilivyokuwa inang'aa baada ya kuoshwa mtoni, pua ndefu, na juu ya kioo yale maandishi, MUNGU IKO. Ilienda Kabambare na chumvi, sabuni na vitenge, ikarudi na mpunga na karanga. Wakati wa mvua safari ya siku moja ilikuwa siku nne, na tulikaa juu ya magunia mimi na wewe, tukitukana barabara kwa zamu.

Ile saa ya presio, inayomwonyesha shoferi kama mafuta yanasukumwa vizuri ndani ya moteri, ilikufa kabla hujaota meno. Nyingine haikupatikana. Asubuhi moja natwanga majani ya muhogo ya sombe, nimekwenda kuchota maji, narudi, mchi hakuna. Nikamkuta nao babu yako chini ya boneti. Ncha moja ameiegemeza kwenye ubavu wa moteri, ncha nyingine iko sikioni, macho amefumba kama mtu anayeomba dua.

"Sumaili! Mchi wangu!"

"Nyamaza, mwanamuke. Inasema."

"Inasema nini?"

"Inasema wewe una kelele."

Jioni ile sombe ilinuka mazutu, dizeli ya kamio. Aliila yote akafuta hata sahani, maana alijua akikunja uso tu nitamvunjia ule mchi mgongoni. Kesho yake akaenda kukata mti, akanichongea mwingine. Ule wa kwanza ukawa wa kamio. Nikawa mwanamke mwenye wivu na mti.

Wewe ulikulia chini ya kamio kama kuku. Nilikuwa nachagua mchele hapo barazani na kusikia anavyokuuliza, kila asubuhi maulizo yale yale matatu, na hukuruhusiwa kushika chombo kabla hujayajibu. "Mafuta iko? Ni ya namna gani? Inafika?"

Iko: kamio isimame pahali sawa, ipoe, unachomoa kile kijiti cha chuma, unafuta, unarudisha, ndipo unasoma. Ya namna gani: unasugua kati ya vidole viwili, unanusa. Yakinuka mazutu, basi mazutu yanavuja ndani na mafuta yamekuwa mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakikuachia mng'ao kwenye ngozi, vyuma vinalana. Inafika: hapo ndipo mchi. Mgogoto wa juu, mwepesi, unaweza kusafiri nao ukiuchunga. Mgogoto wa chini, mzito, kama mtu anayegonga kaburi kutoka ndani, unazima moteri na hakuna mtu anakwenda popote, hata awe na bibi harusi juu ya mzigo.

Alikuwa na neno jingine, hilo hakuliuliza, alilisema tu. "Moteri ya baridi haitoi ushahidi." Asubuhi mafuta ni mazito, yanaficha kila kitu. Iache ipate moto, ibebe, ipande kilima, halafu ndipo usikilize. Nimelisikia neno hilo mara elfu, Zaina. Liweke hapo, nitalirudia.

Na Wamaza unaikumbuka? Ulikuwa msichana mkubwa tayari. Babu yako ana homa, amelala juu ya magunia, na kamio imeshindwa na kilima ambacho baiskeli inakipanda. Moshi mweusi, nguvu hakuna. Wanaume wa pale wakatuzunguka kama inzi.

"Hii moteri imekufa. Mushushe mizigo."

Ukafunga kitenge kiunoni, ukapanda juu ya bampa. Mmoja wao, yule mwenye kofia ya ngozi, akasema kwa sauti, "Mwanamuke akifungua moteri, itazaa?"

Hukugeuka hata. "Yako imefunguliwa na wanaume miaka yote, baba. Imezaa nini?"

Walicheka mpaka yeye mwenyewe akavua kofia. Ukafungua pale moteri inapovutia hewa, ukatoa chujio lake, ukaligonga kwenye jiwe. Likatoka vumbi na makapi ya mpunga, mengi kama mto wa kulalia uliopasuka. Siku mbili tulikuwa tumeegesha karibu na mashine ya kukoboa! "Haijafa," ukasema. "Imezibwa pua. Na ninyi mulitaka kuizika." Kamio ikapanda kilima kile na mimi juu ya magunia nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanipotea siku tatu, babu yako akasema ndizo siku tatu nzuri za ndoa yake. Yule mwenye kofia alikuja baadaye kuulizia posa. Nilimfukuza na mwiko. Labda nilikosea, pengine angekuweka karibu.

Babu yako alipokuwa anaondoka duniani hakusema mengi. Alimwachia mwanangu Musafiri, mjomba wako, usukani, wewe akakuachia vyombo na ule mchi. "Musafiri anajua kwenda," akaniambia. "Zaina anajua kama inafaa kwenda." Nilisikia, nikaitika, nikamfumba macho.

Sasa naingia kwenye ubaya wangu. Mwalimu Feza amesimamisha kalamu, ananitazama. Andika, Feza.

Mpunga ulikuwa umevunwa, mvua zinarudi. Ulitoka chini ya kamio na vidole viwili hewani, unanusa. Maulizo yote ulikuwa umeyajibu. Mafuta yalikuwepo, tena yamezidi, na hilo ndilo lililokutia hofu, maana mafuta hayazaani. Kilichozidi ni mazutu. Ile saa ndogo ya presio uliyoitoa kwenye mashine mbovu ukaifunga kwenye kamio yetu, mshale wake ulikuwa unalala kila moteri ikipata moto. Na mchi ulikupa mgogoto wa chini.

"Bibi," ulisema, "kusine zimekwisha. Vile vyuma laini mhimili wa moteri unavyovilalia. Ikitoka hapa haitarudi."

Ukamwaga mafuta yote yaliyoharibika. Ukakata tawi bichi, ukalifunga kwenye usukani, kama mashoferi wanavyolaza matawi njiani mbele ya kamio iliyokufa, na kila mtu anaelewa bila kusoma: hapa usipite, hapa usiguse. Ukapanda pikipiki kwenda Kindu kutafuta kusine na mafuta mapya.

Siku ya tisa walikuja wamama wa Wamaza, Mama Tabu mbele. Mpunga wao wote ulikuwa kule, chini ya maturubai yaliyotoboka, na mawingu yameshuka.

"Mama Musafiri, kamio iko hapa imekaa na mpunga yetu inaoza?"

"Imefungwa tawi."

"Nani amefunga?"

"Zaina."

"Zaina njo mama yako?"

Neno hilo lilinichoma, mke mwenzangu. Wamama walikuwa wananitazama na watoto migongoni. Nikaenda, nikaling'oa tawi lako kwa mkono huu, nikawatupia mbuzi. Lilikuwa limenyauka. Hata mbuzi walilikataa, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Musafiri akasema, "Mama, moteri iko tupu. Mafuta yake hakuna mjini mote."

Nilikuwa na madumu ya mawese, niliyoyachemsha mwenyewe, nikayachuja kwa kitambaa cheupe. Babu yako alizoea kupaka mawese kwenye bawaba za milango ya kamio. Nikajiambia, kinacholainisha bawaba kitalainisha moteri. Mafuta ni mafuta.

"Zaina atasema nini?" mjomba wako akauliza.

"Zaina nilimwosha mavi kwa mikono hii. Mimina."

Kulikuwa na baridi ya asubuhi, mawese yameganda, nikayapasha kidogo jikoni ili yamiminike. Wamama wakasukuma kamio kwenye mteremko, moteri ikawaka. Na ile saa yako, Zaina, mshale ukasimama wima kama askari mbele ya bendera! Nikakimbia kuleta mchi. Nikauweka pale ubavuni, nikaweka sikio, nikafumba macho kama nilivyokuwa nikimwona babu yako anafanya. Sikusikia mgogoto wowote.

"Kimya," nikawaambia watu. "Iko muzima."

Walipiga vigelegele. Mama Tabu alinikumbatia. Na moteri ilikuwa baridi kama tumbo la chura. Mawese mazito yalikuwa yamekaa juu ya kila kitu kilichotaka kusema. Mimi niliyelisikia neno la mume wangu mara elfu sikungoja hata muda wa maji ya chai kuchemka.

Kwenda, ilienda, tupu, asubuhi, pole pole. Kurudi na mzigo, jua la saa saba, kilima kile kile ulipowacheka wanaume, mshale ukaanza kulala. Musafiri anasema mgogoto ulipanda kutoka chini mpaka akausikia kwenye kiti. Halafu kishindo. Chuma kikatoboa ubavu wa moteri kikatoka nje, na mawese meusi yakamwagika barabarani, yananuka kama jikoni palipoungua. Akashuka, akakata matawi, akayalaza njiani.

Jioni mvua ikaja. Ikanyesha siku sita. Kabla hawajapata kamio nyingine ya kuvuta, mpunga uliota ndani ya magunia. Ukatoa majani mabichi kwenye matundu, mazuri kutazama. Sijaona kitu kibaya kama uzuri ule.

Ulifika kutoka Kindu siku ile ile walipoikokota mpaka hapa kiwanjani. Ulikuwa na kifurushi cha kusine kifuani, umekifunga kwa kitambaa kama kichanga. Wamama wamejaa, wengine wameketi chini na mikono kichwani, maana mpunga ule ulikuwa chakula cha nyumba zao na mbegu zao. Mama Tabu akapiga kelele, "Nani ameua hii kamio?"

Nami nikanyoosha kidole.

"Huyu. Alifungua moteri, hakuifunga sawasawa, akaenda kutembea Kindu. Babu yake angekuwa hai angemkata mikono."

Ndivyo nilivyosema. Mwalimu, yaandike yote, na hilo la mikono pia.

Uliweka kifurushi juu ya jiwe. Ukaenda kwenye kamio, ukapitisha vidole viwili kwenye lile tundu, ukasugua, ukanusa. Nani asiyejua harufu ya mawese ya nyumbani kwao? Umeyala tangu ulipoacha ziwa. Ukanitazama. Mjomba wako alikuwa anatazama viatu vyake. Ulikuwa na neno moja tu la kusema, na wale wamama wote wangenigeukia mimi na mvi zangu. Ukafuta vidole kwenye kitenge chako.

"Bibi," ukasema, "nimefika."

Hilo ndilo lililonimaliza. Ungenitukana ningelala. Ulinifunika mbele ya watu kama mtu anavyomfunika mgonjwa aliyejisaidia kitandani, na mimi nikauvuta ule mfuniko mpaka shingoni, nikanyamaza. Watu wakaacha kukuletea mashine zao. Kabla juma halijaisha uliondoka alfajiri. Vyombo vyote uliviacha. Mchi ukachukua.

Unataka kujua tunavyoishi? Kuku wanataga kwenye kiti cha shoferi. Maandishi ya juu ya kioo, jua limeyala, limebaki MUNGU peke yake, na siku nyingine hata hilo silioni vizuri. Mjomba wako anasukuma baiskeli na mizigo ya watu mpaka Wamaza, mtu aliyezoea kukaa juu. Tunakula sahani moja bila kutazamana. Anaogopa nitasema, nami naogopa atasema. Kifurushi cha kusine kiko juu ya kabati, hakijafunguliwa. Mawese siyali. Nakula sombe na chumvi tu, kama mwenye tumbo la kuhara, mimi, mwanamke wa Maniema. Watu wakiniuliza nasema ni ushauri wa daktari.

Habari zako zinanifikia vipande vipande. Mmoja alisema unatengeneza pampu za kutoa maji mashimoni, na wachimbaji wanakuogopa. Mwingine akasema umevuka kwenda Kalemie. Wa tatu, huyu sikumtazama usoni, akasema shimo liliporomoka na kati ya waliotolewa kulikuwa na mwanamke mwenye grisi kwenye kucha. Wote nimewapa chakula, wakweli na waongo, kwa sababu sikujua nani ni nani. Kisha naingia ndani, nalala chali, nasikiliza moyo wangu mwenyewe. Una mgogoto, Zaina. Wa chini.

Ningekufa nao hivyo hivyo, nakuambia kweli. Lakini leo asubuhi sokoni binti mmoja aliangusha chungu cha mama yake kikavunjika, na mama akamwambia, "Una mikono ya Zaina." Binti akalia. Hata hakujua Zaina ni nani! Nilipouliza, muuza chumvi akaniambia ndivyo wanavyosema siku hizi, kitu chochote kikiharibika, baiskeli, redio, ndoa, ni mikono ya Zaina. Mikono ile. Niliyoikata kucha. Nikaacha kikapu changu pale pale chini, nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Feza, nikamwambia lete karatasi.

Hapo tulisimama jana. Leo tumekaa tena kuongeza yaliyobaki, kwa sababu jana hiyo hiyo, jua likiwa bado juu, nilimpeleka Mwalimu penye mashine ya kukoboa mpunga, wamama wamepanga foleni na mabeseni yao, nikamwambia isome. Akaisoma yote, na mimi nimesimama pembeni yake bila kuketi. Mwenye mashine aliizima ili wasikie.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitamani wapige. Mama Tabu, amekonda sana, aliweka beseni chini.

"Mama Musafiri. Mpunga yangu iliota, nikasema ni Mungu. Nikapanda ingine. Na ule mutoto tumemuharibia jina miaka yote hii, sasa hilo nalo tutapanda wapi?"

Nikasema sijui.

"Hujui." Akalibeba beseni lake. "Basi usinisalimie mpaka ujue."

Akaondoka, na wengine wakamfuata, hata zamu zao wakaziacha. Mjomba wako alikuwa amesimama na baiskeli yake barabarani, alikuwa amesikia. Alifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta anafagia mavi ya kuku kwenye kamio, machozi yanamtiririka.

Kwa hiyo usifikiri nakuita urudi kwenye nyumba ya furaha. Sina furaha ya kukupa. Moteri haitapona, wewe mwenyewe ulisema ikitoka haitarudi. Msamaha sikuombi, nitaonekana mwizi anayeomba pia mfuko wa kubebea. Nilitaka tu wajue mikono ilikuwa ya nani. Tangu leo kitu kikivunjika Kasongo, waseme ni mikono ya Bibi yake Zaina. Nimewaambia.

Mwalimu anasema barua inataka sahihi. Yeye ana wino wake, mimi nina wangu: chini ya kamio bado kuna sufuria yenye yale meusi yaliyodondoka siku walipoikokota hapa, nimechovya kidole gumba humo nikakigandamiza hapa chini. Ukiwa hai, nusa, utajua si mtu mwingine aliyesema haya. Ukiwa huko alikotangulia babu yako, mwonyeshe karatasi. Yeye ataijua harufu, na atanitukana vizuri.

Siku utakayokuja usipitie kwa watu, usininunulie kitu, kitenge ninacho. Ingia kwa mlango wa nyuma. Nitakuwa nimechuma sombe, na mawese nitayatoa siku hiyo. Wewe leta ule mchi wa kamio. Utanikuta na kinu kitupu. Nipe mchi mkononi kabla hujaketi, nitatwanga nao, na tutakula mimi na wewe na mjomba wako, hata chakula kikinuka mazutu. Usiuoshe.

Mimi bibi yako, mke mwenzako